Bafu Linanuka Uvundo: Maji Yapewe Njia, Hewa Ipewe Nafasi



Katika ukurasa huu wa afya tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaona aibu kulitaja mbele ya wageni: bafu lenye unyevu na harufu ya uvundo. Wengine watasema, "Tuna njaa, tuna malaria, ninyi mnatuletea habari za harufu ya bafu?" Tunaomba msome mpaka mwisho. Harufu hiyo ni taarifa. Inatuambia kuna maji yaliyokosa njia, na maji yaliyokosa njia huleta magonjwa ndani ya nyumba.

KISA KIMOJA CHA MATEMBEZI YA NYUMBA KWA NYUMBA

Katika msimu mmoja wa mvua nilimtembelea mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa na kikohozi kisichoisha. Tangu mlangoni nilisikia harufu ya uvundo. Nilifikiri ni nguo zilizokaa bila kukauka. Nilipouliza bafu liko wapi, mama alinionyesha kona ya chumba nyuma ya pazia, hatua mbili tu kutoka kwenye mkeka wa watoto. Akaniambia: "Bafu la nje ninalo, lakini ni tope tupu, na usiku ni giza. Mchana shitingi imetoboka, watu wanaona. Sasa tunaoga hapa hapa."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kumfundisha usafi. Nikayameza maneno yangu. Mama huyu hakuwa mchafu. Alikuwa amechagua kati ya uvundo na hatari ya kutoka usiku, akachagua uvundo. Wanawake na wasichana wengi wanafanya hivyo hivyo. Kwa sababu hiyo, kila ushauri tunaoutoa hapa lazima upite mtihani mmoja: je, mama na binti wataweza kulitumia bafu hilo bila woga? Kama hawawezi, watarudi kuoga ndani, na unyevu utarudi pamoja nao.

KWA NINI BAFU LINANUKA?

Tufanye hesabu ndogo. Familia ya watu 6, kila mmoja akioga kwa lita 5 tu, inamwaga lita 30 kwa siku. Kwa wiki ni lita 210, yaani jerikeni 10 na nusu za lita 20. Maji yote hayo yanaanguka mahali pamoja, penye upana wa mkeka mdogo. Kama sakafu ni udongo mtupu, udongo unashiba, halafu hauwezi kunywa tena.

Harufu hutoka katika mambo manne:

1. Maji yaliyotuama. Maji ya kuoga yana sabuni, mafuta ya mwili, jasho na uchafu wa ngozi. Yakikaa, vijidudu hula uchafu huo na kutoa harufu mbaya.

2. Ukungu. Hizi ni fangasi zinazoonekana kama madoa meusi, ya kijani au meupe kwenye miti, ukuta, kamba na mapazia. Zinahitaji unyevu. Kitu kikikaa kimelowa siku moja au mbili bila kukauka, ukungu unaweza kuanza kuota.

3. Mkojo. Tuseme ukweli, watu wengi hukojoa bafuni, hasa usiku. Mkojo ukiingia katika udongo uliolowa, harufu yake haitoki kwa kumwagia maji mengine juu.

4. Hewa iliyofungwa. Tunafunika bafu pande zote kwa shitingi ili tusionekane. Ni haki yetu. Lakini plastiki haipitishi mvuke, na maji hubaki kati ya plastiki na ukuta, mahali ambapo jua halifiki.

Kuna sababu nyingine iliyo ndani ya mawazo yetu. Mabafu mengi tunayajenga kama vitu vya siku chache, tukisema kesho au kesho kutwa tutarudi nyumbani. Lakini Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwaka 1958, na wako waliozaliwa hapa wakazaa hapa. Hata kama tunaomba kurudi, leo bado tunaoga hapa. Bafu lijengwe kwa ajili ya leo.

MADHARA KWA AFYA

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya majengo. Mwongozo huo ulieleza kwamba watu wanaoishi katika nyumba zenye unyevu hupata zaidi kikohozi, mluzi wa kifua, pumu na magonjwa mengine ya njia ya hewa. Watoto wadogo, wazee na wenye pumu ndio wanaoumia zaidi.

Tope na maji ya bafu huleta pia haya:
- Fangasi za miguu. Ngozi kati ya vidole inalainika, inapasuka na kuwasha.
- Mbu. Mbu wa aina ya kulex hupenda kuzaliana katika maji machafu yaliyotuama. Yai linaweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Mbu wa malaria hupendelea maji safi zaidi, kwa hiyo msidhani kusafisha bafu kunatosha. Chandarua kiendelee kutumika kila usiku.
- Kuanguka. Wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu huteleza kwenye sakafu yenye utelezi wa sabuni.

Hapa tusahihishe kosa moja linalosikika vijijini. Unyevu hauleti kifua kikuu. Kifua kikuu huenea kwa hewa kutoka kwa mtu aliye nacho. Lakini kikohozi kirefu msikitupie bafu lawama mkakaa nyumbani. Soma sehemu ya mwisho ya ukurasa huu.

HATUA ZA KUREKEBISHA

Hatua ya 1: Jaribu sakafu yako.
Mwaga kikombe kimoja cha maji karibu na mlango wa bafu. Subiri dakika 10. Kama maji bado yamesimama hapo hapo, au yamerudi kuelekea nyumba, umeshapata ugonjwa wa bafu lako. Angalia pia kama maji ya mvua kutoka kwenye paa la nyumba yanaanguka bafuni. Chimba mfereji mdogo uyageuze kabla hujafanya kazi nyingine.

Hatua ya 2: Inua sakafu na uipe mteremko.
Ondoa tope lote la zamani lenye harufu, ulifukie mbali na nyumba. Usijenge juu yake. Panga mawe au matofali yaliyovunjika, jaza changarawe katikati, shindilia vizuri. Ukipata saruji kidogo, piga lipu juu: ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 3 za mchanga safi. Kama saruji haipo, mawe bapa yaliyopangwa kwa kubanana yanafaa, maana mguu haukanyagi tope.

Sakafu ishuke kuelekea tundu la kutokea maji. Kwa kila mita 1 ishuke kama sentimita 2, karibu upana wa kidole gumba. Mteremko huo mdogo unatosha.

Hatua ya 3: Chimba shimo la kunyonya maji.
Maji yakitoka bafuni yasiishie kwenye njia ya jirani. Ugomvi mwingi wa majirani unaanzia hapo. Kwanza jaribu udongo: chimba kishimo cha kina cha sentimita 30 hadi 50, jaza maji, yaache yanywewe, kisha jaza mara ya pili. Kama maji ya mara ya pili yamekwisha baada ya saa moja au zaidi kidogo, udongo wako unanyonya vizuri. Kama yamelala mpaka asubuhi, udongo ni mfinyanzi au maji ya ardhini yako karibu.

Udongo ukinyonya, chimba shimo la upana wa mita 1 na kina cha mita 1 au zaidi, angalau mita 3 kutoka kwenye ukuta wa nyumba. Weka mawe makubwa chini, madogo juu, kisha funika kwa majani makavu au kipande cha plastiki na udongo juu yake. Shimo lililojazwa mawe halimmezi mtoto, na mbu hawapati uso wa maji. Peleka maji kwa bomba la plastiki au mfereji uliofunikwa. Shimo liwe mbali na kisima au chemchemi kwa mita 30 au zaidi, na sehemu yake ya chini ibaki angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini.

Wale wanaokaa mabondeni karibu na ziwa, au penye udongo usionyonya, msilazimishe shimo. Peleka maji kwenye migomba kwa mfereji mfupi, na kila siku chache badilisha upande ili maji yasituame. Msimwagilie mboga zinazoliwa mbichi.

Maji ya kuoga yasielekezwe kwenye choo cha shimo. Choo kitajaa haraka, kuta zake zitalegea na zinaweza kubomoka.

Hatua ya 4: Pitisha hewa bila kupoteza faragha.
Hapa ndipo mabafu mengi yanashindwa. Mtu akisikia "acha nafasi ya hewa", anaogopa kuonekana. Nafasi ya hewa iwe JUU, siyo pembeni. Ukuta ufike mita 2, zaidi ya kichwa cha mtu mrefu aliyesimama. Juu yake acha wazi kama sentimita 30 kabla ya paa. Kama bafu halina paa na hakuna kilima au nyumba ya kuchungulia kutoka juu, liache bila paa, jua likaushe bure.

Mlangoni jenga ukuta wa mzunguko kama gamba la konokono. Mtu anaingia, anakata kona, ndipo anafika mahali pa kuogea. Hata mlango ukibaki wazi, aliye nje haoni kitu. Pamoja na hayo weka komeo la ndani, hata la mti na kamba.

Shitingi usiigandishe kwenye ukuta wa udongo. Tanguliza fito nyembamba ili ibaki nafasi ya kidole kimoja, hewa ipite nyuma yake.

Kuhusu taa: wenye taa za sola wajue kwamba taa ikiwa ndani ya bafu la shitingi, kivuli cha anayeoga huonekana nje. Pigilia mkeka au matete upande wa ndani, au tundika taa nje ili imulike njia. Bafu liwe karibu na mlango wa nyumba kiasi kwamba ukiita, watu wa ndani wanasikia.

Hatua ya 5: Ondoa ukungu uliopo.
Miti iliyooza na kamba zilizooza zibadilishwe. Kuoza hakusafishiki. Kwenye miti mizima na saruji, sugua kwanza kwa maji, sabuni na brashi ngumu, kisha suuza. Baada ya hapo, ukiwa na Jik ya asilimia 3.5, changanya kikombe 1 cha Jik na vikombe 9 vya maji. Paka, acha dakika 10 hadi 15, suuza, acha pakauke. Fanya kazi hiyo mlango ukiwa wazi, funika pua na mdomo kwa kitambaa, watoto wawe mbali. Ukuta wa udongo usiumwagie Jik. Ukwangue madoa, uache ukauke, kisha usiribe upya.

Ukipata chokaa, paka kuta mara moja kwa mwaka kabla ya mvua. Chokaa huzuia ukungu na huongeza mwanga. Ilinde macho yako, kwa sababu inaunguza.

Hatua ya 6: Desturi za kila siku.
- Anayemaliza kuoga asukume maji yote kwa fagio yaelekee tundu la kutokea.
- Vitambaa vya kujisugulia, taulo na sabuni visilale bafuni. Vianikwe juani.
- Vitambaa vya hedhi vinavyofuliwa visifichwe bafuni vikiwa vimelowa. Vikikosa kukauka vizuri vinaweza kuwasha na kuleta maambukizi. Vianikwe juani. Dada anayeona haya aweke kanga nyepesi juu yake, jua litapenya. Akina baba na kaka, msifanye mzaha na kamba hiyo.
- Vaa kandambili bafuni, kausha kati ya vidole.
- Kukojoa ni chooni. Kama giza linazuia, tumia ndoo yenye mfuniko, umwage chooni asubuhi.

KAMA UNALAZIMIKA KUOGA NDANI

Hatutamwambia mtu atoke usiku mahali anapoogopa. Mpaka bafu la nje litakaporekebishwa, oga ukisimama ndani ya beseni pana. Tumia kikombe badala ya kujimwagia, mwaga maji nje mara moja, pangusa sakafu kwa kitambaa kikavu. Asubuhi inua mikeka na magodoro, uyatoe juani, fungua mlango na dirisha. Watoto walale upande mwingine wa chumba. Watoto wadogo waogeshwe mchana, nje, penye jua.

KWA WALIOPANGA VYUMBA MBARARA

Dada yangu alipanga chumba upande wa Makenke. Alifurahi kwamba bafu lilikuwa la saruji na lilikuwa ndani. Baada ya miezi michache ukuta ulikuwa na madoa meusi, na kila kukicha harufu. Saruji haikumwokoa, kwa sababu bafu halikuwa na dirisha.

Kwa bafu la namna hiyo, ukimaliza kuoga futa kuta na sakafu, kisha acha mlango wazi mpaka pakauke. Mwombe mwenye nyumba matofali mawili ya matundu karibu na dari. Chunguza bomba linalovuja. Kama harufu ni ya maji machafu ya chooni na inatoka kwenye tundu la sakafu ambalo halitumiki sana, mwaga jagi moja la maji humo. Kona ya bomba iliyo chini hukaa na maji ili kuzuia hewa chafu isipande. Maji hayo yakikauka, harufu hupanda.

MAMBO YA KUEPUKA

- Usichanganye Jik na siki, dawa nyingine ya choo, wala usiimwage juu ya mkojo. Inatoa hewa yenye sumu. Suuza kwanza kwa maji mengi.
- Usiingize jiko la makaa bafuni au chumbani ili kukausha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na imeua watu wakiwa usingizini.
- Usifiche uvundo kwa manukato au kwa kumwaga sabuni zaidi. Harufu itarudi kesho.
- Vidonge vya kutibu maji ya kunywa ni vya kunywa. Usivitumie bafuni.

LINI UENDE KITUO CHA AFYA?

Mtoto akikohoa, muone VHT wa kijiji chako ahesabu pumzi zake kwa dakika 1 akiwa ametulia. Pumzi ni za haraka zikifika:
- 60 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi 2;
- 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11;
- 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5.

Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye pumzi za haraka, apelekwe kituoni mara moja. Vile vile mtoto yeyote ambaye kifua kinaingia ndani anapovuta pumzi, anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, anapata degedege au amelegea. Usisubiri asubuhi.

Mtu yeyote mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi, hasa akiwa na homa, jasho la usiku au kupungua uzito, aende kupima makohozi. Kipimo na dawa za kifua kikuu katika vituo vya serikali ya Uganda ni bila malipo.

TUSAIDIANE

Bibi mzee, mama aliyejifungua karibuni, na mtu mwenye ulemavu hawawezi kubeba mawe. Tunaomba wenyeviti wa RWC wapange siku moja ya kazi ya pamoja, vijana wachimbe mashimo mawili au matatu katika kila kijiji. Kwa mtu asiyeweza kusimama muda mrefu, weka kigoda imara bafuni na mti wa kushikia ukutani.

Yule mama niliyemtaja mwanzoni, majirani walimsaidia kupanga mawe na kujenga ukuta wa konokono, na shimo lilichimbwa na vijana wa kijiji. Niliporudi, pazia la kona lilikuwa limeondolewa na mkeka wa watoto umesogezwa dirishani. Mtoto tulikuwa tumeshampeleka kituoni akapata dawa. Mama aliniambia jambo moja tu: "Sasa ninaoga nikiwa nimetulia."

Ndugu zangu, anza leo na kikombe kimoja cha maji mlangoni pa bafu lako. Hesabu dakika 10, uone yanakwenda wapi.

Kinga ni bora kuliko tiba.